Radhi ya Mzee Ocira

Waliosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawakukosea. Ila hawakusema kwamba ndani ya mapenzi hayo hayo panaweza kujificha jambo jingine, likatulia kama paka chini ya kitanda, mpaka siku mwenye nyumba ainame kutafuta kiatu.

Kaltumi binti Kasim aliinama siku ya Ijumaa.

Alipanda kilima cha Kisugu asubuhi, mvua imekatika hivi punde, barabara ya udongo mwekundu inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mkononi alibeba gurusa, zile chapati laini za Kinubi, alizozipika mwenyewe na kuzifunika kwa kitambaa cheupe. Chini kule Kabalagala mabaa yalikuwa yamelala, milango imefungwa, na ukimya wa mahali palipozoea kelele humfanya mtu atembee haraka bila kujua kwa nini. Juu ya paa la nyumba aliyokuwa akiiendea walisimama karoli, wale ndege wakubwa wenye upara, wamekunja shingo kama wazee waliokuja matangani. Hawakuruka alipofungua geti. Walimtazama tu.

Hakumwambia Olanya, mchumba wake, kwamba anakuja. Miezi mingapi alikuwa akiomba kumsalimia mzee wake, na kila mara pana sababu? Mzee ana mafua. Mzee amekwenda Gulu kwenye mazishi. Mzee ana wageni. Mpaka baba yake, Mzee Kasim, polisi mstaafu ambaye neno lake nyumbani halirudiwi mara mbili, akasema: "Nimekubali uolewe na huyo Mwacholi. Lakini sijapata kusikia harusi ambayo mkwe hajulikani sura. Ijumaa hii nenda, piga magoti, mpe salamu zangu uso kwa uso. Ukirudi, tutataja siku."

Na Mzee Kasim kukubali haikuwa kazi ndogo. Mwanzoni alisema hapana mpaka majirani wakasikia. "Si Mwislamu! Na kazi yake ni nini? Kubofya-bofya kompyuta na mali za watu!" Kilichomlainisha ni simu. Mzee Ocira, baba yake Olanya, alimpigia mwenyewe, Ijumaa moja baada ya sala. Wakazungumza. Ijumaa iliyofuata akapiga tena. Ikawa desturi. Mzee Kasim, mjane asiye na wa kucheka naye, akawa anakaa barazani na simu mapajani, chakula kinapoa, mpaka iite. "Huyu Ocira," alimwambia bintiye, "ni ndugu yangu ambaye mama alisahau tu kumzaa." Na ni Mzee Ocira huyo aliyesema kwa kinywa chake: mwanangu atasilimu, mimi sina kinyongo, nampa radhi zangu.

Basi Kaltumi aligonga mlango huku moyo wake ukicheza ngoma ya harusi.

Nyumba ile ilikuwa makazi na ofisi kwa pamoja. Ubaoni paliandikwa "Ocira na Wenzake", na hilo ni jina linalotajwa kwa heshima mjini na wenye kutunza pesa za watu wengi. Kaltumi alijua, maana ndiyo kazi yake. Yeye ni karani katika Mfuko wa Uzeeni, unaotunza akiba za walinzi, polisi wastaafu na wafagiaji wa ofisi. Mfuko ule ni kama ziwa: kila mmoja amemimina kikombe chake, na siku ya mvi atakuja kuchota. Wadhamini hawachezi na ziwa hilo wenyewe. Huchagua wasimamizi, watu wa kujua lini ununue hati fungani za serikali, lini ununue hisa, lini ukae kimya. Wanapowachagua hawatazami mwaka mmoja wa bahati. Hutazama miaka mingi, hutazama ujira wanaotaka, na zaidi ya yote humtazama yule mtu nguzo, ambaye akili yake ndiyo imeshika paa. Akiondoka yeye, mkataba unaweza kuvunjwa. Mwisho kabisa huenda kuwaona ofisini kwao, kwa macho.

Alasiri ya siku ile ile kamati ya wadhamini ilikuwa inakuja Kisugu kumwona Mzee Ocira. Kaltumi hakuwa mmoja wao. Tangu jina la kina Ocira lilipoingia kwenye uchaguzi alimfuata mwenyekiti, Mama Alanyo, akamwambia, "Mama, pale nina mtu wangu." Mama Alanyo akamjibu, "Umefanya jambo la maana, mwanangu. Jitoe. Karatasi zao usizishike, kikao chao usiingie, wala neno lao usiseme, zuri wala baya." Kaltumi akatia sahihi. Kwa hiyo asubuhi hii alikuja kama mchumba, si kama karani.

Mlango ulifunguliwa na Shangazi Akullo, dada yake Mzee, mwanamke mrefu mkavu. Alipomwona Kaltumi, mkono ulimpanda kifuani.

"Olanya hakuniambia!"

"Sikumwambia yeye pia, shangazi. Nimekuja kumsalimia Mzee."

"Ladit yuko... yuko kazini." Ndivyo Waacholi wanavyomwita mkubwa wa heshima, Ladit. "Rudi wiki ijayo, nyako, binti."

"Nitamsubiri tu. Baba amenituma."

Akullo alifungua kinywa, lakini harufu ya maziwa yanayofurika ikaja kutoka jikoni. Akakimbia huku akisema, "Kaa hapo! Usiende popote!"

Hapo ndipo Kaltumi aliposikia ile sauti.

Ilitoka ndani, nzito, tulivu, yenye kikohozi kidogo cha kicheko mwishoni mwa kila sentensi. Aliijua. Ilikuwa sauti iliyomfariji siku alipougua, iliyomwita "binti yangu" kupitia simu ya baba yake. Mzee Ocira alikuwa akizungumza na mtu: "Wacha wakimbilie majengo, rafiki yangu. Kila anayekimbia anadhani anaongoza. Sisi tusubiri. Heh."

Kaltumi akatabasamu. Kumbe mzee yuko na nafasi. Akaweka gurusa mezani, akajiweka sawa mtandio, akafuata sauti mpaka kwenye mlango uliokuwa wazi kidogo. Akausukuma polepole, akapiga magoti pale pale kizingitini kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, suti ya kijivu, tai imefungwa vizuri, nywele nyeupe zimechanwa. Mikono yake ilikuwa magotini. Hakuwa na simu. Hakumjibu.

"Wakumbuke watu," iliendelea ile sauti, "si takwimu. Nyuma ya kila hesabu kuna bibi anayesubiri unga."

Midomo ya mzee ilikuwa imefungwa.

Kaltumi aliinua uso zaidi. Alitazama kile kinywa. Kilikuwa kimefungwa kabisa, na sauti yake ilikuwa inatoka nyuma ya ukuta. Na mzee alikuwa anaisikiliza. Ilipocheka, alitabasamu. Ilipotulia kufikiri, kidole chake kiligonga goti, taratibu, kama mtu anayetafuta neno. Ilipolipata neno, kidole kikakoma.

Akabaki amepiga magoti, macho kwenye kile kidole.

Sauti ikaaga, simu ikawekwa. Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, akatoka mtu anayetembea kama mzee, bega moja limeshuka, mkono mmoja mgongoni. Alikuwa Olanya. Olanya wake, mwenye macho ambayo humfanya asahau alichokuwa anasema. Akamwona amepiga magoti pale chini.

"Kaltumi," alisema. Lakini jina lake lilitoka kwa sauti ya baba yake.

Wote wawili walilisikia. Olanya akashika koo, akakohoa kama anayetema mwiba, kisha akasema tena, safari hii kwa sauti yake nyembamba ya siku zote, "Kaltu. Umeingiaje?"

"Kwa mlango." Alishangaa kwamba bado anaweza kusema. "Baba yako ana nini, Olanya?"

"Ni ugonjwa wa wazee. Akili inaondoka kama mwanga jioni. Nilitaka kukwambia."

"Lini? Tukishazaa?"

Olanya akamsogelea amwinue. Kaltumi akainuka mwenyewe, akaweka kiti kati yao. Mzee alikuwa anatazama nje, ambako karoli mmoja alikuwa ameshuka kutoka paani na kusimama uani, uso kwa uso naye, kioo tu katikati.

"Nisikilize kabla hujanihukumu," alisema Olanya. "Hakuna aliyeibiwa. Unajua kazi yetu. Pesa za wateja hatuzishiki, ziko benki nyingine kabisa, ufunguo hatuna. Sisi tunatoa akili tu."

"Akili ya nani?"

"Yangu! Tangu aanze kupotea, kila uamuzi ni wangu. Wenzetu walipokimbilia maghorofa, mimi nilishikilia hati fungani. Wakaungua, sisi tukapona. Mimi, Kaltu, si yeye."

"Basi kwa nini hukusimama ukasema ni mimi?"

Olanya alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nilisimama. Nilikwenda mbele ya wastaafu wa kampuni moja, nikaeleza mpaka shati likalowa. Nilipomaliza, mzee mmoja akainua mkono, akaniuliza, 'Sasa kijana, na baba anasemaje?' Nikarudi hapa nimevunjika. Simu ikalia, mteja anamtaka baba. Nilipokea niseme hayupo." Akagusa koo lake. "Ikatoka hii. Sikuipanga. Mteja akasema, 'Ah, Mzee, nimefurahi kukusikia.' Akafanya nilichomwambia, na kilikuwa sahihi."

"Na ukaendelea."

"Sasa siwezi kuacha." Alishusha sauti, macho yakimtoka kidogo. "Nikifikiri kwa sauti yangu, naona mashaka matupu. Nikiingia kwenye yake, njia zinafunguka. Kuna siku natoka mle chumbani nayo bado iko mdomoni, nalazimika kusimama kwenye korido mpaka initoke. Siku nyingine haitaki."

Kaltumi alimtazama. Alikuwa mzuri, huyu mwanamume. Hata sasa, hofu ikimkaba, alitamani kumfuta lile jasho la kwenye paji. Na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kisha wazo jingine likamjia, taratibu, kama maji yanayopita chini ya mlango.

"Olanya. Kila Ijumaa, nani humpigia baba yangu?"

Olanya akamtazama baba yake.

"Nakuuliza. Nani?"

"Nilikuwa nataka akuoze kwangu tu."

"Baba yangu hali chakula mpaka hiyo simu iite!" Alijizuia kupiga kelele, sauti ikatoka kama mnong'ono uliochanika. "Nani alimwambia kwamba Mzee Ocira hana kinyongo na kusilimu kwako? Radhi zile zilikuwa za nani?"

"Kaltu..."

"Ulivaa koo la baba yako ukajibariki mwenyewe! Mtu hujipa vyote, Olanya. Hujipa kazi, hujipa jina. Radhi hajipi!"

"Angekubali. Namjua baba yangu."

"Ungemuuliza wakati bado anajibu."

Olanya akaangalia chini. "Nilimuuliza," alisema.

"Akasema nini?"

Mzee pale dirishani alivuta pumzi ndefu, kama aliye ndotoni. Olanya hakuinua uso.

"Alisema hapana. Alisema sitabadili dini ya babu zangu yeye akiwa hai. Wiki ile ile ugonjwa ukaanza. Basi nikangoja mpaka akasahau, halafu nikamsemesha ndiyo."

Kaltumi alishika kiti kwa mikono miwili. Kwa hiyo hii ndiyo nyumba aliyokuwa akija kuolewa. Ndani yake mtu alikatazwa jambo na baba, akachukua sauti ya baba huyo huyo kulihalalisha. Na baba amekaa pale pale, anasikiliza, anatabasamu.

Simu ikalia katika chumba cha pili.

Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Shangazi Akullo alitokea mlangoni, amefuta mikono kwa kanga, akaona nyuso zao, akaelewa kwamba kitanda kimeinuliwa na paka ameonekana. "Pokea, Olanya," alisema kwa uchovu. "Hiyo haitanyamaza."

Olanya akaleta simu, akaifungua wote wasikie.

"Halo! Kwa Ocira na Wenzake? Mimi Mama Alanyo, wa Mfuko." Nyuma yake zilisikika honi na vicheko vya watu garini. "Tumewahi, mtusamehe. Tuko hapa Kabalagala, tunapanda sasa hivi. Wenzangu wanasema hawaamini kama Mzee ni mcheshi hivyo, wanataka kumsikia kabla hatujafika. Naomba nimsalimie."

Olanya aliziba simu kwa kiganja. Alimtazama Kaltumi, na katika yale macho palikuwa na watu wawili, mmoja akiomba, mwingine akimpima.

"Mimi nimejitoa," Kaltumi alimwambia taratibu. "Siruhusiwi kukusaidia, siruhusiwi kukuharibia. Lakini uzee wa baba yangu umo kwenye ule mfuko, na wa majirani zetu wote pale nyumbani. Wanapanda gari kuuleta kwa mtu nguzo ambaye hayupo. Ukimjibu kwa sauti ile, nitaivunja sahihi yangu, niseme, kazi ipotee, na wewe usinitafute tena. Ukimjibu kwa yako, nitakaa."

"Utakaa nami?"

"Nitakaa nisikie."

"Halo?" ilisema simu. "Mzee wetu?"

Olanya akautoa mkono. Bega lake moja likashuka. Mkono mmoja ukaenda mgongoni. Kaltumi akauona uso wa kijana ukizeeka bila kukunjamana.

"Mama Alanyo," ilisema ile sauti nzito, "karibuni kilimani. Heh."

Dirishani, mzee akatabasamu.

Kaltumi aliachia kiti. Alichukua mkoba wake, akaugeukia mlango awawahi barabarani. Hatua zake kwenye saruji zilisikika kama mtu anayepigilia misumari. Akaufikia. Akaushika. Nyuma yake akasikia mkwaruzo mbaya, kama kitambaa kinachopasuliwa.

"Mama Alanyo. Ngoja." Ilikuwa nyembamba, ikitetemeka. "Huyu si Mzee. Ni Olanya, mwanawe. Baba ni mgonjwa, hasemi, hajui hata siku. Aliyekuwa anaongea nanyi wakati wote ni mimi."

Honi zikasikika. Vicheko vikakoma kimoja kimoja.

"Na juzi," Mama Alanyo aliuliza, "yule aliyenichekesha mpaka nikatokwa na machozi?"

"Ni mimi, mama."

"Banange, jamani." Alivuta pumzi. "Yaani nimecheka na kivuli. Dereva, geuza. Geuza tu, usiniulize." Halafu akarudi kwenye simu, na hakuwa na hasira, alikuwa na lile jambo baya kuliko hasira, huruma. "Mwanangu, pole na mzee. Lakini sisi hatuchagui sauti. Tunaowatunzia mali hawana pa kukimbilia tukikosea. Wateja wako wengine waambie leo, kabla sijawaambia mimi. Siku ukiwa na jina lako mwenyewe, njoo upange foleni kama wengine. Nyuma kabisa."

Simu ikakatika. Olanya akaketi sakafuni, mgongo ukutani, kama gunia lililomwagwa nafaka.

Kaltumi alikaa. Alikuwa ameahidi. Aliketi kwenye kile kiti kilichokuwa kati yao, na Olanya akapiga simu zake, mteja mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake. Wengine walimtukana. Wengine walikata bila kuaga. Kutoka kilima cha Kibuli adhana ya Ijumaa ikapanda, ikaenea juu ya mabati, ikazama. Hakuna aliyegusa chakula.

Sala ilipokwisha, simu ikaita yenyewe.

"Ocira, ndugu yangu!" Ilikuwa sauti ya Mzee Kasim, imechangamka. "Leo umenisahau? Au binti yangu amekulisha gurusa mpaka umelala?"

Olanya alifumba macho. "Mzee Kasim, ni Olanya. Baba hawezi kuongea, ni mgonjwa muda mrefu. Uliyekuwa unazungumza naye... ni mimi. Nisamehe."

Ilisikika pumzi tu. Kaltumi aliijua pumzi ile. Aliisikia siku walipomzika mama yake.

"Kaltumi yuko hapo?"

"Niko, baba."

"Umemwona Ocira?"

"Nimemwona."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Ila hasemi."

"Nilimweleza habari za mama yako," alisema Mzee Kasim polepole. "Mambo ambayo hata wewe hujui. Basi nilikuwa namweleza nani?" Kiti cha barazani kikasikika kikisogezwa. "Rudi nyumbani kabla ya magharibi. Na huyo kijana asinipigie tena. Akiwa na neno, aje kwa miguu yake, akae mbele yangu, nione mdomo wake ukicheza."

Olanya akaiweka simu chini kama kitu kinachounguza. "Umesikia," alisema. "Nenda. Sitakuzuia. Naapa mbele yako, Kaltu, sauti ile haitatoka tena kinywani mwangu."

Kaltumi alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile kama Olanya mtupu, bila mwingine nyuma ya macho. Akamwona mchovu, mdogo, mwenye haya. Moyo wake ukamwendea bila kumwomba ruhusa. Alikuwa akiinuka kitini waliposikia ukuta ukigongwa: tu, tu, tu.

Mzee alikuwa ameondoka kwenye kiti. Alisimama mbele ya ukuta unaotenga vyumba viwili, kiganja bapa ukutani, akiugonga. Akaweka sikio. Akasubiri. Akagonga tena. Kisha akaenda chumba cha pili, wakamwona anachungulia nyuma ya mlango, chini ya meza, ndani ya kabati la suti na makoti.

"Anatafuta nini?" Kaltumi alinong'ona.

Shangazi Akullo alikuwa amesimama na bakuli la uji. "Anajitafuta," alisema. "Kila siku husikia sauti yake ukutani, akajua yuko kazini, akatulia. Leo pale hayupo. Na hapa pia hayupo."

Walimrudisha kwenye kiti, akasimama. Walimpa uji, akaupiga kwa mkono. Alianza kutetemeka, kwanza vidole, kisha taya, macho yakizunguka dari kama mtoto aliyeamka nyumba ya ugeni.

"Baba, kula," Olanya alimwambia. "Ni mimi, mwanao."

Mzee alimtazama mgeni huyu mwenye sauti nyembamba, akajikunja, akarudi nyuma mpaka kwenye kioo. Uani karoli alikuwa bado amesimama.

"Hajala tangu jana," Akullo alisema. "Ataanguka."

Olanya akamgeukia Kaltumi. Hakuomba kwa maneno. Alikuwa ameapa sasa hivi, kiapo bado kina joto, na anayeweza kumfungulia ni mmoja tu. Kaltumi alimwaza baba yake barazani, simu mapajani, haitaita tena. Akawaza magharibi inayokuja. Halafu akachukua bakuli mkononi mwa Akullo, akapiga magoti mbele ya yule mzee aliyemkataa kabla ya kumwona.

"Mwite," alisema.

"Kaltu, nimeapa..."

"Uliapa kwangu. Mimi ndiye nakwambia. Si kwa mali, si kwa ndoa. Mwite arudi, ale."

Olanya akageuza uso ukutani ili asionekane mdomo. Ilichukua muda. Kisha ikaja, nzito, tulivu, ikijaa chumba.

"Ocira. Kaa. Kazi imekwisha leo. Umefanya vizuri. Kula."

Mzee akaacha kutetemeka. Akaketi, akainyoosha tai, akafungua kinywa. Kaltumi alimlisha kijiko, akameza. Cha pili. Uji ukamdondokea kwenye kanga. Nje mwanga ulikuwa unageuka manjano. Palikuwa na mlio wa kijiko na bakuli tu.

"Asante, binti yangu," ilisema sauti. "Kesho utakuja?"

"Ndiyo, baba," Kaltumi alijibu.

Alijibu kama mtu anavyoitikia hodi, neno limetoka kabla hajajua amemwambia nani. Akageuka. Olanya alikuwa bado ameelekea ukutani, kiganja kimeziba mdomo, mabega yakiruka kwa kilio kisicho na sauti. Shangazi Akullo alikuwa amejishika kichwa kwa mikono yote miwili, akiutazama mdomo wa kaka yake.

Kaltumi akarudisha uso mbele, polepole. Mzee alikuwa anamtazama. Si dirisha, si ukuta, yeye. Kinywa chake kilikuwa wazi kidogo, chenye uji pembeni, kikingojea kijiko.

Akakijaza.